Kutengeneza kava za katriji za Commodore 64 mwenyewe, kuanzia kava moja mpaka mia tano

Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani, ilitoka 1982 na mpaka leo watu bado wanaiandikia gemu mpya, sana sana Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na huko Skandinavia, na nyingine zinatoka kwenye katriji kabisa kama zamani, yaani kile kiboksi cha plastiki chenye bodi ndani unachokichomeka nyuma ya mashine. Bodi ya katriji siku hizi sio tatizo, unatuma faili kiwandani unaletewa bodi zako zimekamilika. Tatizo ni kava. Za zamani zimeisha, zilizobaki ziko kwenye katriji nzima, na kuna watu wananunua katriji inayofanya kazi vizuri, wanaipasua, bodi wanaitupa, wanabaki na plastiki. Mimi hili naliona baya kabisa, hata kama gemu yenyewe ni ya kawaida na ipo tele, maana kila ikipasuliwa moja idadi inapungua na hakuna anayetengeneza nyingine za asili. Kwa hiyo tutengeneze kava.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba kava la katriji sio urembo, kazi yake kubwa ni kuiweka bodi mahali pake sawasawa. Sloti ya nyuma ya C64 ina pini 44, yaani 22 juu na 22 chini, na kutoka pini moja mpaka ya pili ni milimita 2.54. Sasa piga hesabu, bodi ikihama pembeni milimita moja na kidogo tu, jino moja la sloti linagusa vidole viwili vya bodi (vile vipande vya chuma kwenye ncha yake) kwa pamoja. Na pini 1 ni ground (upande hasi wa umeme), pini 2 na 3 ni volti 5, ziko jirani kabisa, kwa hiyo kava linalocheza cheza sio tu kwamba gemu haiwaki, linaweza kuua mashine ambayo imeishi miaka arobaini. Ndo maana ukiona mtu ameprinti kava zuri la rangi ya kung'aa, muulize kwanza bodi inashikwa na nini mle ndani.

Vipimo

Tafuta katriji moja ya asili, yako au ya kuazima, uifungue taratibu bila kuiharibu. Baadhi zinashikwa na vibanio vya plastiki tu, nyingine zina skrubu na skrubu yenyewe wakati mwingine imejificha chini ya lebo, kwa hiyo kabla ya kutumia nguvu pitisha kidole juu ya lebo usikie kama kuna shimo. Alafu chukua vernia ya dijitali (kile kifaa cha kupimia kwa kubana), ya bei nafuu inatosha ila rula usiitumie kabisa.

Wengi wanapima nje wanaridhika. Vipimo vya nje ndo rahisi, hata ukikosea kidogo kava litaonekana tu tofauti kidogo. Vipimo vinavyoamua kila kitu ni hivi: unene wa bodi (kawaida ni milimita 1.6, ila pima ya kwako), upana wa ulimi wa bodi pale kwenye vidole, nafasi ya vile vijiti vya ndani vinavyoingia kwenye matundu ya bodi, bodi iko juu kiasi gani kutoka sakafu ya nusu ya chini, na muhimu kuliko vyote, ncha ya bodi iko wapi ukilinganisha na mdomo wa kava. Hicho cha mwisho ukikikosea, plastiki ya kava inagonga mwili wa kompyuta kabla vidole havijazama kwenye sloti, unabaki unasukuma na unalaumu bodi bure. Pima kila kipimo zaidi ya mara moja na sehemu tofauti, plastiki ya zamani inapinda.

Na usichanganye na VIC-20, kompyuta ya Commodore iliyotangulia C64. Nayo ina sloti ya pini 44, lakini nafasi kati ya pini ni milimita 3.96, kava lake ni pana zaidi na halina uhusiano na hili. Kuna faili mtandaoni zimeandikwa tu "katriji ya Commodore" bila kusema ipi, kuwa makini.

Kama bodi yako ina vitufe, mfano zile za aina ya Action Replay au The Final Cartridge III ambazo zina kitufe cha kugandisha programu na cha kuanza upya, panga matundu yake mapema kwenye mchoro. Kutoboa baadaye kwa drili kunapasua kingo na mtu yeyote ataona.

Kuchora

Tumia FreeCAD au OpenSCAD, zote bure. Mimi napendelea OpenSCAD kwa kazi hii kwa sababu kila kipimo unakiandika kama namba yenye jina, ukigundua bodi yako ni nene kidogo unabadilisha namba moja na kava lote linajipanga upya. Ukuta weka milimita 2. Pale vitu viwili vinapoingiliana acha mwanya wa milimita 0.2 mpaka 0.3, chini ya hapo hazitaingia, juu ya hapo zinacheza.

Hata kama leo unaprinti moja tu, chora kana kwamba siku moja litaenda kiwandani: kuta zilale kidogo, digrii 1 au 2 hivi, ili kitu kiweze kutoka kwenye moldi (kalibu) bila kukwaruza, na zile mbavu za ndani za kuimarisha ziwe nyembamba kuliko ukuta, karibu nusu ya unene wake. Mbavu nene inapopoa inavuta plastiki ndani na kwa nje unapata kibonyeo, pale pale mahali pa lebo ambapo kila mtu anapatazama.

Kava moja mpaka kumi hivi: printi

Printa ya 3D ya kawaida ya nozeli ya milimita 0.4 inatosha kabisa. Swali ni plastiki gani. PLA ndo rahisi kuprinti lakini inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na ukiacha katriji ndani ya gari lililopaki juani Dar au Mombasa joto hilo linafikika, utakuta limepinda. PETG inavumilia mpaka karibu na 80. ABS inaenda kwenye 105 na ndo plastiki iliyotumika kwenye kava nyingi za zamani, ila inataka printa iliyofunikwa pande zote, kitanda (ule uso wa chini unaoprintiwa juu yake) cha nyuzi 100 hivi, na moshi wake sio wa kuvuta, fungua madirisha au itoe hewa nje. Kama huna printa ya kufunika nenda na PETG usijisumbue.

Laza ule uso wa nje chini kwenye kitanda. Ukiwa na kile kitanda cha PEI chenye vipele, plastiki inachukua vile vipele na inakaribia sana mguso wa kava la kiwandani, hakuna rangi wala msasa utakaokupa hivyo kirahisi. Ila tabaka la kwanza huwa linatanuka nje kidogo, kwenye programu ya kukata matabaka kuna sehemu ya kulifidia, ijaze, la sivyo nusu mbili hazitafungana vizuri kwenye mshono. Kwa skrubu usitegemee uzi wa plastiki, zamisha vile vikopo vya shaba vyenye uzi ndani kwa ncha ya moto ya soldaringi, utafungua na kufunga mara nyingi bila uzi kuisha.

Kumi mpaka mia: silikoni na resini

Hapa ndo pananipendeza zaidi kwa sababu unapata kava lisilo na mistari ya printa, na gharama inakuwa ya kawaida. Unatengeneza kava mama moja, unalizungushia silikoni, alafu ndani ya silikoni unamimina resini ya polyurethane.

Kava mama ndo kila kitu. Liprinti, lipulizie praima, lipige msasa namba 400 alafu 800, praima tena, rudia mpaka ukiliweka kwenye mwanga huoni mstari hata mmoja. Silikoni inanakili kila kitu, alama ya kidole ikibaki juu ya rangi utaiona kwenye kava zote.

Boksi la kumiminia lijenge kwa Lego, wanaotengeneza modeli wanatumia hizo kwa sababu unabomoa na kujenga saizi yoyote. Moldi itakuwa ya vipande viwili: laza kava kwenye plastisini mpaka kwenye mshono, chimba vishimo vichache pembeni ili vipande vifungane baadaye, mimina silikoni ya upande wa kwanza. Ikishakauka toa plastisini yote, paka dawa ya kuzuia kunata na usiruke sehemu maana silikoni inashikana na silikoni vibaya sana, mimina upande wa pili. Acha njia ya kumiminia na njia za hewa kwenye sehemu za juu kabisa.

Silikoni ziko za aina mbili. Ya platinamu haisinyai sana na moldi inadumu, lakini ina maadui: salfa ndani ya plastisini nyingine, glavu za latex, na resini ya printa za mwanga kama haijaiva vizuri. Ikigusana na hivyo inabaki inanata siku zote haikauki. Vaa glavu za nitrile, na ujaribu kidogo pembeni kwanza. Ya bati haisumbui hivyo ila inasinyaa zaidi, na kwa kitu chenye vipimo kama hiki ongeza asilimia hiyo kwenye mchoro wa kava mama, kiwango kimeandikwa kwenye karatasi ya bidhaa.

Resini nyingi za aina hii unachanganya sehemu moja kwa moja na una dakika chache tu kabla haijaganda, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari mezani kabla hujafungua chupa. Na hapa watu wa pwani wasikilize: polyurethane inachukia unyevu, ikikutana na maji ya hewani inatoa gesi na kava linajaa mapovu. Fanya kazi hii kwenye chumba chenye AC au msimu wa kiangazi, funga chupa mara tu unapomaliza kumimina, vikombe viwe vikavu kabisa. Chungu cha presha kinasaidia sana, unaiweka moldi ndani resini ikiwa bado ya maji na mapovu yanabanwa mpaka hayaonekani, ila tumia kilichotengenezwa kwa hewa ya presha na moldi yenyewe iwe ilikauka kwenye presha hiyo hiyo. Barakoa ya kichujio cha kemikali ni lazima, isosianeti iliyomo inaharibu mapafu na ukishapata aleji yake hutaigusa tena kazi hii.

Rangi tia ndani ya resini yenyewe usipake nje, kava likichunika mdomoni kwa kuchomekwa kila siku halitaonyesha nyeupe.

Mia tano na kuendelea: kiwandani

Moldi ya chuma au ya aluminiamu inagharimu maelfu ya dola kabla hujapata kava hata moja, kwa hiyo usiende huko mpaka kava la resini limeshapita kwenye mashine za watu wengi. ABS inasinyaa asilimia 0.4 mpaka 0.7, kiwanda kitakuuliza utatumia aina gani na moldi itakatwa kwa aina hiyo, ukibadilisha plastiki baadaye vipimo vinabadilika. Vibanio vya ndani vichore viwe na tundu chini yake, vinginevyo moldi itahitaji kipande cha kuteleza pembeni na bei inaruka. Ukitaka uso wenye vipele ongeza mlalo wa kuta. Andika kwenye mkataba kwamba moldi ni mali yako, na omba sampuli za kwanza uzijaribu kwa mkono wako kabla ya kuruhusu mzigo wote.

Usichukue hela za watu mapema bila sampuli. Mwaka 2015 kulikuwa na mchango mtandaoni wa kutengeneza moldi mpya za mwili wa Amiga 1200, kompyuta nyingine ya Commodore, kava zilikuja kweli na ni nzuri, lakini waliochangia walisubiri miaka.

Kujaribu

Jaribu kava kwenye zaidi ya mashine moja: C64 ile ya zamani yenye umbo la mviringo, C64C ambayo ni toleo la baadaye, C128 ambayo nayo inaendesha gemu za C64 kama utaipata, na SX-64, ile ya kubeba mkononi, ambayo sloti yake iko juu. Kwanza chomeka umeme ukiwa umezimwa, shika katriji itikise kushoto kulia, isihame. Alafu ndo uwashe. Usichomeke wala kuchomoa mashine ikiwa inawaka, hata siku moja, na upande wa juu wa kava uonekane wazi ili mtu asije akaichomeka kichwa chini.

Mwisho, weka alama ndani ya kava, mwaka na jina lako au herufi zako, ziwe zimechongwa kwenye plastiki sio stika. Nembo ya Commodore usiiweke, ina wenyewe, na pia kuna watu watachukua kava lako, wabandike lebo ya kuchapisha, waliuze kama katriji ya miaka ya themanini kwa bei ya kutisha. Mnunuzi akifungua akakuta mwaka 2024 umechongwa mle ndani, anajua alichonunua.