Zulia la mkono: ligeuze kwanza, bei baadaye

Ukiingia duka la mazulia pale Kapalıçarşı, lile soko kubwa lenye paa la Istanbul, hawakuachi uangalie kwa nafasi yako. Unakalishwa, chai inakuja kwenye glasi ndogo, vijana wawili wanaanza kukunjua zulia juu ya zulia, kila moja linatua puu! halafu linazungushwa ili ling'ae, na kabla hujamaliza chai kuna rundo mbele yako na kichwa kimeshavurugika hujui hata lile la kwanza lilikuwa rangi gani. Ndo kazi yao, wanaijua vizuri na wala sio kosa. We kunywa chai (haikufungi kununua chochote, ni ukarimu tu), halafu inama, shika kona ya zulia uligeuze.

Nyuma ndo kuna ukweli wote. Zulia la mkono mgongo wake una ua lile lile la mbele, wazi kabisa, rangi kwa rangi, kwa sababu kila fundo limefungwa moja moja kwenye nyuzi za mtande (zile za urefu zinazoshikilia mafundo) na linaonekana pande zote mbili. Ukiangalia karibu utaona mafundo hayalingani sana, hapa limebana, pale limelegea kidogo, mstari umepinda nusu sentimita. Ukiona kila kitu kimenyooka kama kimepigwa rula, hiyo ni mashine. Na ukikuta nyuma kumebandikwa kitambaa kigumu, usiulize bei, maana mara nyingi chini yake kuna gundi, yaani nyuzi zimechomekwa kwa kifaa kama bastola halafu zikashikizwa. Muuzaji atakwambia limetengenezwa kwa mkono na kiufundi hadanganyi, mkono ulishika ile bastola, ila halijafungwa fundo hata moja na gundi ikizeeka linaanza kupukutika.

Matamvua nayo yaangalie, zile nyuzi zinazoning'inia mwishoni. Kwenye zulia la kweli ndo ncha za mtande wenyewe, zinatoka ndani ya zulia. Kama zimeshonewa pembeni, uliza kwa nini, inaweza kuwa fundi alikarabati zulia la zamani, inaweza kuwa ni la mashine limevalishwa.

Sasa mafundo. Hapa ndo watu wanapigwa kwa namba. Utaambiwa hili lina mafundo mengi sana kwenye sentimita moja ya mraba, na kweli wingi unaonyesha kazi: yale ya hariri ya Hereke, mji wa Uturuki, yana kama 100 kwa sentimita ya mraba, kwa hiyo mita moja ya mraba ni mafundo milioni moja, na mfumaji mzoefu akifunga elfu nane kwa siku ni zaidi ya miezi minne hajainuka. Hapo unaelewa kwa nini bei inatisha. Tabriz, mji wa Iran, wao wanahesabu kwa raj, mafundo mangapi kwenye upana wa kama sentimita 7, kwa hiyo ukisikia raj 50 ujue ni kama mafundo 50 kwenye kaupana kale. Chukua rula ndogo uhesabu mwenyewe kwa nyuma, hakuna atakayekununia. Lakini zulia la kijijini au la wafugaji wa kuhamahama linaweza kuwa na mafundo machache tu na bado likawa zuri kuliko hilo, kwa sababu michoro yao ni mikubwa, ya pembe pembe, haihitaji mafundo madogo. Mimi binafsi ukiniwekea la kijijini lenye rangi nzuri na la mjini lenye mafundo mengi ila rangi zimekufa, nabeba la kijijini.

Utasikia pia fundo la Kituruki na fundo la Kiajemi. La Kituruki linazunguka nyuzi mbili za mtande zote, la Kiajemi linazunguka moja na kupita tu chini ya pili. Usilitumie kama pasipoti ya zulia, mafundi wa Tabriz wako Iran na wanafunga la Kituruki. Na hilo fundo la Kituruki ni la zamani mno: zulia la Pazyryk, lililokutwa mwaka 1949 limegandishwa na barafu kaburini kwenye milima ya Altai, lina umri wa kama miaka 2,400 na limefungwa hivyo hivyo.

Rangi: lowesha kitambaa cheupe, sugua taratibu kwenye nyekundu na bluu iliyokolea. Kitambaa kikitoka na rangi, achana nalo, siku ukimwaga maji nyumbani nyekundu itahamia kwenye nyeupe na hakuna fundi wa kuirudisha. Halafu tenganisha nyuzi kwa vidole uangalie shina lake. Kama juu pamepauka na chini rangi inawaka, limekula jua, au wamelipausha makusudi lionekane la zamani. Nyekundu ya asili inatoka kwenye mizizi ya mmea wa rubia, bluu ni nili, kahawia mara nyingi maganda ya jozi, na ukiona bluu inabadilika badilika kwa mistari ya upande, wenyewe wanaita abrash, usidhani ni doa, sufu ilichovywa kwa mafungu tofauti. Tatizo ni kwamba sa hizi abrash inatengenezwa makusudi pia. Wala usiidharau rangi ya kiwandani, zipo tangu karne ya 19 na nzuri zinadumu, usilipe tu bei ya rangi ya asili kwa kitu ambacho sio.

Hariri ndo penye utapeli mwingi. Kinachong'aa sio lazima kiwe hariri, kuna pamba iliyong'arishwa na kuna viskosi (nyuzi za kiwandani zinazotokana na mbao), vyote vinateleza mkononi na vinameremeta chini ya taa za duka. Mwombe achomoe kijiuzi kimoja akichome: hariri na sufu zinanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika, pamba na viskosi zinanuka karatasi. Akikataa kata kata na huku bei ni ya hariri, umeshapata jibu. Na zunguka upande wa pili wa zulia kabla hujaamua, maana nyuzi zimelala upande mmoja, ukisimama huku limeiva, ukisimama kule limepauka, ni lile lile.

Ukimaliza yote hayo ndo uongee bei. Usionyeshe lipi limekuchoma moyo, ulizia mawili matatu, na ulipendalo lisiwe la kwanza. Bei ya kwanza ni ya kuruka, kila mtu pale anajua, sema ya kwako bila kuona aibu ila iwe ya heshima, panda kidogo kidogo, na ukifika mwisho wako simama uondoke kweli, sio maigizo. Akikuita, sawa. Asipokuita, ulikuwa umefika chini kabisa na unaweza kurudi. Ila ukitaja bei akakubali, umenunua, kurudi nyuma hapo ni utovu wa adabu kabisa. Na yule kijana aliyekukuta barabarani akakupeleka dukani "bure" ana kamisheni yake, na itakuwa ndani ya bei yako. Ukiambiwa ni uwekezaji, litapanda thamani, cheka tu. Nunua la kukanyaga na kulipenda.

Mwisho karatasi. Risiti iandikwe nyuzi za aina gani, ukubwa, lilikotoka na umri, maana Uturuki hairuhusu vitu vya kale kutoka hivi hivi, na la zamani linahitaji karatasi ya makumbusho. Kama unaishi Marekani na zulia ni la Iran, ujue walirudisha marufuku ya kuliingiza mwaka 2018. Ukisafirishiwa, piga picha mbele na nyuma, weka saini yako kwa kalamu nyuma kwenye kona, ndo uwaache wafunge. Likikunjwa vizuri linakuwa dogo kuliko unavyofikiri, kwa hiyo ukiweza kulibeba mwenyewe kwenye begi, libebe. Na Jumapili usijisumbue, soko linafungwa.