Jinsi ya kupata rangi nzuri kwa kamera ya zamani

Nikon D40 yangu ni ya mwaka 2006: sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya aina ya CCD, megapikseli 6. Bado napigia picha za harusi hapa Jinja, Uganda, na wateja huniuliza rangi zile nazitoa wapi.

Wengi watakuambia CCD ina rangi tamu kuliko CMOS, aina nyingine ya sensa. Usilishike sana hilo. Sensa zote mbili hupima mwanga tu, rangi hazizijui. Juu ya kila sensa kuna vichujio vidogo mno vya rangi, viwili vya kijani kwa kila chekundu kimoja na cha buluu kimoja. Vichujio hivyo na programu ya kamera ndivyo vinavyoamua zaidi ngozi ya bibi harusi itokeeje.

Anza na ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ya 200, maana kwenye 1600 vivuli hujaa chengachenga. Kisha pima weupe mwenyewe: weka karatasi nyeupe palepale bibi harusi atakapoketi, ujaze nayo fremu, upige. Kamera itaujua mwanga wa mahali hapo. Hapa usifanye haraka. Jumamosi moja niliiachia kamera ijipimie chini ya turubai la buluu; gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda) ya manjano ikatoka kama jani la mgomba, na nyuso za wazee zikawa majivu. Iliniuma, kwani siku ile hairudi.

Hifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) pia, utaweza kurekebisha nyumbani. Jua la saa sita likiwaka juu ya udongo mwekundu, punguza mwangaza hadi -0.7 uone mikunjo ya kitambaa inavyobaki.