Namna ya kumfanyisha mzee mazoezi ya mizani ya mwili nyumbani

Mzee anapoanza kuyumba, au akishaanguka mara moja, ushauri wa kwanza anaoupata nyumbani ni kwamba atembeetembee kila jioni ili kunyoosha miguu. Kutembea kuna faida kwa moyo na kwa sukari ya damu, lakini hakutoshi kumkinga asianguke tena. Catherine Sherrington na wenzake wa Sydney, Australia, walipochambua majaribio 44 mwaka 2008, waliona kwamba mazoezi yaliyofanikiwa zaidi ni yale yaliyoipa mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, kazi ngumu na yaliyofanywa kwa saa nyingi. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2019, uliojumuisha majaribio 108 na watu zaidi ya 23,000, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya mara ambazo wazee huanguka kwa takriban asilimia 23.

Sababu yake inaeleweka. Ubongo huusimamisha mwili kwa kupokea habari kutoka kwenye macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na misuli na viungo vya miguu, kisha huiamrisha misuli irekebishe kila mwegemo mdogo. Mtu anayesimama ameitanua miguu huku ameshikilia meza kwa mikono miwili hana cha kurekebisha, kwa hiyo hata akisimama hivyo mwezi mzima hajifunzi kitu.

Kabla ya kuanza, mpeleke kwanza kwa daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo ikiwa ameanguka zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, anapata kizunguzungu anapoinuka, amepata kiharusi, au miguu yake ina ganzi. Dawa za presha na za usingizi nazo zitajwe, kwa kuwa baadhi yake humfanya mtu ayumbe.

Kisha pima alipo, kwa kipimo kinachotumika tangu mwaka 1991. Weka kiti imara, pima mita 3 kutoka hapo na uweke alama sakafuni. Mwambie ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi na kuketi, huku wewe ukihesabu sekunde. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari ya kuanguka. Andika namba hiyo pamoja na tarehe.

Mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ni kando ya karo la jikoni au meza nzito. Kiti cha plastiki hakifai kushikiliwa, kwa kuwa huteleza pale pale anapokiegemea. Avue kandambili, na kama amevaa khanga, ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Wewe simama ubavuni mwake, nyuma kidogo, mkono wako ukiwa karibu na kiuno chake bila kumshika, kwani ukimshika utakuwa unambebea kazi yake.

Aanze kwa kusimama miguu ikiwa pamoja. Akiweza sekunde 10 bila kushika, asogeze mguu mmoja nusu hatua mbele, kisha auweke mbele kabisa, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na mwishowe asimame kwa mguu mmoja. Katika kila hatua punguza msaada taratibu: mikono miwili, mkono mmoja, ncha za vidole, halafu mikono ielee tu juu ya karo. Hapo tazama nyayo zake kwa makini. Ukiona vidole vinakamata sakafu na kano za kifundo zinacheza huku na huku, zoezi limefika mahali pake, na huo mtetemo mdogo ndio kazi tunayoitafuta. Akirusha mikono au akilazimika kupiga hatua ili asianguke, ni gumu mno, mrudishe kwenye mkao uliotangulia. Akisimama kimya kama nguzo huku anapiga soga, ni jepesi mno. Wengi hukwama hapa, na nadhani ni kwa sababu ya huruma, kwani hatupendi kumwona mama akitetemeka.

Nguvu ya mapaja huja kwa kuinuka kitini na kuketi polepole, mara 5 kwa kutumia mikono, hadi aweze mara 10 bila mikono. Ongeza kutembea kwa kufuata mstari wa vigae, kisigino kwa vidole, kutembea kinyumenyume, na kuzunguka ndoo mbili kwa umbo la namba 8.

Mpango wa Otago, uliobuniwa New Zealand na kujaribiwa miaka ya 1990 kwa wanawake wenye umri wa miaka 80 na zaidi wakiwa nyumbani kwao, huelekeza nusu saa mara 3 kwa wiki. Tafiti za baadaye zinaelekea kwenye saa 3 au zaidi kwa wiki, kiasi ambacho hufikiwa kwa urahisi zoezi likigawanywa asubuhi na jioni. Yaendelezwe kwa miezi mingi, maana faida hupotea yanapoachwa. Akisikia maumivu ya kifua, akikosa pumzi kuliko kawaida, au akipata kizunguzungu, aketi na mazoezi yasimame siku hiyo.

Rudia kipimo cha mita 3 baada ya wiki 6, kwa kiti kile kile na viatu vile vile. Sekunde zikiwa hazijapungua, chukua karatasi yako ya tarehe na namba, uende nayo kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, umwonyeshe pia ni katika mkao gani hasa mzee anashindwa kufikisha sekunde 10.