Thunderbird inapokea barua pepe lakini haitumi: pa kuangalia

Barua zinaingia vizuri kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe, lakini ukibofya Send zinagoma. Usilaumu mtandao kwanza. Kupokea hupitia utaratibu uitwao IMAP, kutuma hupitia mwingine uitwao SMTP, na kila upande una mipangilio yake. Mmoja waweza kuwa mzima, mwingine mbovu.

1. Fungua Account Settings, kisha shuka hadi chini kabisa upande wa kushoto, kwenye Outgoing Server (seva, yaani kompyuta inayopeleka barua zako). Wengi huishia juu, kwenye mipangilio ya kupokea. Chagua seva yako, bofya Edit.

2. Hakiki jina la seva. La Gmail ni smtp.gmail.com. Kama anwani ni ya ofisi, muulize anayetunza tovuti yenu.

3. Angalia poti, yaani namba ya mlango ambao barua hupitia kwenye seva; hapa ndipo ugonjwa hujificha. Ukikuta 25, iondoe. Hiyo ni ya seva kwa seva, na kampuni nyingi za intaneti huifunga kuzuia barua taka. Weka 587 pamoja na STARTTLS, au 465 pamoja na SSL/TLS (zote mbili ni njia za kuficha mawasiliano yasisomwe njiani). Ukizichanganya, programu itazunguka tu mpaka ichoke, na ujumbe wa kosa hautakusaidia.

4. Uthibitisho: kwa Gmail chagua OAuth2, dirisha la Google litafunguka uingie. Seva nyingi za ofisi hutumia "Normal password", na jina la mtumiaji huwa ni anwani nzima, pamoja na @ na kinachofuata.

5. Tuma barua fupi ya majaribio kwa anwani iliyo nje ya ofisi. Ikikataa, soma namba kabla ya kufunga dirisha: 535 ni jina au nenosiri, 550 mara nyingi ni anwani ya mpokeaji isiyokuwepo.

Barua fupi inakwenda, yenye kiambatisho inakataa? Faili hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri na huongezeka uzito kwa theluthi moja hivi. Kama kikomo cha seva ni MB 20, faili ya MB 16 haipiti.

Na ukiambiwa barua imetumwa ila nakala haikuwekwa kwenye folda ya Sent, usiitume tena. SMTP imeshamaliza kazi. Kilichokwama ni IMAP, inayopandisha nakala yako kivyake. Ndiyo maana kiambatisho kikubwa hula bando mara mbili.