Somo: antena ya skana (redio ya kusikilizia ndege, treni, polisi na zimamoto) kwenye gari, uchague ipi na uifunge wapi (kwa tunaoendesha huku Marekani)

Habari wadau. Wiki hii watu kama watano wameniuliza inboksi kitu kilekile, mkuu nimenunua skana, sasa ninunue antena gani ya gari, nikaona niandike mara moja wote tusome. Mimi niko Fort Worth, Texas, nimeendesha semi (lori la trela) miaka kadhaa na sasa nina pikapu yangu, na skana ndo ugonjwa wangu: treni pale Tower 55 reli za kampuni za Union Pacific na BNSF zinapokatana, ndege zinazoshuka uwanja wa DFW, zimamoto, na msimu wa kimbunga redio ya hali ya hewa haizimwi. Mengi ya humu nimejifunza kwa kuharibu hela zangu.

Skana inapokea tu, haitumi. Kwa hiyo ile mita ya SWR (ya kupima nguvu inayorudi ukituma) wanayohangaika nayo watu wa CB (redio za kuongea za madereva wa malori) wewe achana nayo.

HATUA YA 1: andika unachosikiliza

Kabla hujafungua Amazon chukua karatasi. Ndege ziko 118 mpaka 137 MHz (megahezi, kipimo cha masafa, namba za masafa humu zote ni hizo). Treni ni 160 na 161 na pointi zake. Redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya serikali, ina masafa 7 tu, 162.400 mpaka 162.550. Polisi na zimamoto wa kaunti za mashambani wengi bado wako kati ya 150 na 174, wengine 450 mpaka 470, na miji mikubwa mingi imehamia 700 na 800. Hakuna antena inayopenda yote hayo sawasawa, atakayekwambia ipo anakuuzia. Na kama polisi wa mji wako wamefunga mawasiliano yao kwa siri hakuna antena duniani itakayokufungulia, usinunue kwa tamaa hiyo.

HATUA YA 2: urefu

Antena ya gari ya kawaida kabisa ni fimbo ya robo wimbi, yaani urefu wake ni robo ya wimbi unalosikiliza. Chukua 75 gawanya kwa MHz unazotaka, unapata mita, halafu punguza kama asilimia 5. Treni za 161 inakuja kama sentimita 44, UHF (zile za 450 mpaka 470) kwa 460 ni 15 na nusu hivi, 850 ni 8 na kidogo. Kwa hiyo ukiona mtu ana kijiti kama penseli kwenye paa usimcheke, huyo yuko 800 na anasikia kuliko wewe na fimbo lako la mita nzima.

Kuna kautamu hapa. Fimbo ya robo wimbi ya 155 ukiipeleka 465 inakuwa robo tatu ya wimbi, na inapokea vizuri tu, ndo maana fimbo moja ya VHF (zile za 150 mpaka 174) inakupa na UHF bure. Ukitaka na 800 juu yake kuna za bendi tatu, Larsen NMO150/450/800 ndo niliyonayo kwenye pikapu na watu wengi wa skana wako nayo. Ndege inazisikia, siyo bingwa lakini inatosha.

Geini sasa, lile ongezeko la usikivu linalopimwa kwa desibeli. Maboksi yanapenda kuandika desibeli kubwa kubwa na sisi tunapenda kununua maandishi. Antena haitengenezi nguvu, inachukua usikivu wa juu na chini inaubana uelekee upeo wa macho. Huku Texas tambarare hiyo ni sawa kabisa. Nenda West Virginia, mnara uko kileleni na wewe uko bondeni chini yake, hapo robo wimbi ya bei ya chakula cha mchana inaiacha ile ya geini. Nimeshuhudia, na ya geini ilikuwa yangu.

HATUA YA 3: pa kuifunga (hapa msiruke)

Bati la gari ni nusu ya pili ya antena. Fimbo unayoiona ni nusu tu, nusu nyingine ni chuma kinachoizunguka chini, kwa hiyo katikati ya paa hapana mpinzani, inasikia pande zote sawa. Ukiiweka pembeni ya boneti inasikia zaidi upande wenye bati jingi, na kibini kinakuzibia kwa nyuma. Mimi ukinipa hela kidogo nitachukua fimbo rahisi katikati ya paa kuliko ya bei mbaya kwenye kona.

Sumaku ndo njia ya wengi, unaweka unaondoka. Ila jaribu kwanza na kasumaku ka friji! Nilinunua F-150 yangu, nikaagiza sumaku kubwa ya nguvu, siku imefika natoka nje na furaha zangu naiweka paani, inateleza kama sabuni. F-150 kuanzia modeli ya 2015 bodi ni aluminiamu. Mke wangu alicheka wiki nzima. Na hata penye chuma, mchanga ukiingia chini ya sumaku unakwangua rangi, inua ufute mara kwa mara.

Kutoboa ndo mwisho wa mambo. Kitako cha NMO (kile cha kuskrubia fimbo kwenye bati) kinataka tundu la milimita 19, tumia msumeno wa tundu uliotengenezwa kwa kazi hiyo wenye kizuizi, usije ukatokeza kwenye kitambaa cha dari. Roho inauma dakika tano halafu unasahau. Siku ya kuuza gari unaziba na kifuniko chake cha raba, maji hayaingii. Waya ukiushusha kwenye nguzo ya mlango pitisha NYUMA ya eabegi ya pembeni, isije ikakurushia waya usoni siku ya ajali, na kama hujui eabegi iko wapi mpe fundi.

Usiyetaka kutoboa kuna kibano cha ukingo wa boneti au buti, kinashikwa na skrubu ndogo ambazo lazima zing'ate mpaka chuma chenyewe, zikiishia kwenye rangi umefunga pambo. Za kubandika kwenye kioo mimi sizipendi, na kama kioo kina tinti yenye metali ndani ndo kabisa.

HATUA YA 4: waya na plagi

Sumaku nyingi za bei rahisi zinakuja na waya wa RG-174, ule mwembamba kama waya wa chaja. Kwa VHF utavumilia, kwa 800 unakunywa mawimbi njiani. Tafuta ulio mnene zaidi, RG-58 kwenda juu, na usiache waya wa ziada umeviringishwa chini ya kiti, hata RG-58 mita 5 kwenye 800 zinakula karibu nusu ya nguvu. Skana za mezani na za gari nyingi zina plagi ya BNC (ya kusukuma na kuzungusha), za mkononi siku hizi nyingi ni SMA (ndogo ya skrubu). Hiyo SMA ni dhaifu, usiifungie adapta na waya mzito unaoning'inia, weka kimkia kifupi laini katikati.

HATUA YA 5: sheria

Florida, Indiana, Kentucky, Minnesota na New York zina sheria zao kuhusu skana ndani ya gari, wa semi mnaovuka majimbo hili ni lenu. Leseni ya redio ya ridhaa inasaidia baadhi ya sehemu lakini masharti hayafanani, soma ya jimbo lako kabla hujapita.

MASWALI

Swali (dereva, Ohio): Kaka shukrani kwa somo. Semi yangu ina antena mbili za CB kwenye vioo, siwezi kuchomeka skana humohumo?

Jibu: Utasikia kitu, ila ile imetengenezwa kwa 27 MHz. Na usije ukagawa waya mmoja na kigawanyo cha kawaida, ukibonyeza kuongea wati 4 za CB zinaingia moja kwa moja kwenye skana na umeizika. Antena yake peke yake, na mbali na za CB uwezavyo.

Swali (dada wa Houston): Naendesha semi ya Cascadia ya kampuni, kutoboa marufuku na sumaku haishiki popote. Nafanyaje?

Jibu: Pole dada, kibini cha hiyo ni aluminiamu na pale mbele ni faiba. Chukua kibano cha mkono wa kioo halafu nunua antena ya nusu wimbi, hiyo haidai bati chini yake. Usichukue ndefu, semi tayari iko futi 13 na nusu, utaiacha kwenye paa la kituo cha mafuta. Njia ya kienyeji, kuna jamaa aliweka sinia la chuma la kuokea mikate juu ya kabati la kitanda, sumaku juu yake, na anasikia treni vizuri tu.

Swali (Mkenya, Minneapolis): Sasa boss, niko na Camry, nimeweka antena poa juu ya gari na hiyo sistimu ya dijito ya 800 imekuwa mbaya kuliko ile raba ilikuja na skana. Nimeuziwa takataka ama?

Jibu: Hapana boss, antena iko sawa. Minara mingi inatuma kitu kilekile kwa wakati mmoja, mawimbi yanakufikia yamepishana kidogo sana na skana inachanganyikiwa. Antena kubwa inaikusanya minara yote ndo maana shida ikazidi. Rudisha kafimbo kafupi, washa kipunguza mawimbi kwenye menyu, jaribu na kusogea mita chache. Uniden SDS100 na SDS200 zilitengenezwa kwa ajili ya shida hiyo, ila bei yake kaa chini kwanza. Na kwenu Minnesota kibali cha skana ndani ya gari ni suala la kweli, umeshaliangalia?

Swali (huyohuyo): Bado. Wacha nitoe kwa gari kwanza.

Swali (mgeni): Mashine ya kuosha gari je?

Jibu: Fungua fimbo, weka kifuniko. Mimi sikufungua, brashi ilizungusha fimbo ikachapa paa mara sita saba hivi, alama zipo mpaka leo njoo uzione.

Swali (Dallas): Mkuu nataka kumpelekea shemeji Dar skana yangu ya zamani na antena, itamfaa?

Jibu: Muulize kwanza aende TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) ajue kama anaruhusiwa kuwa nayo, usianze na mzigo. Akiruhusiwa, NOAA na treni za huku asahau, ila ndege ni 118 mpaka 137 dunia nzima, mkatie fimbo ya sentimita 56.