Zana za Kufumua na Kufunga Upya Injini ya Boti ya Zamani

Injini ya zamani huharibika zaidi siku ya kufumuliwa kuliko miaka yote iliyokaa kwenye maji. Kwa hiyo chagua zana kwa kuangalia bolti iliyo mbele yako. Seti kubwa ya bei nafuu haitakusaidia.

Hatua ya 1: Jua kipimo. Injini za Evinrude na Johnson za zamani zina bolti za inchi. Yamaha na Suzuki ni za milimita. Spana namba 13 huingia kwenye kichwa cha nusu inchi (mm 12.7) na huonekana imekaa vizuri, ila ukiweka nguvu inakula kona. Chukua soketi za pembe 6. Zile za pembe 12 hushika kona tu, na kona zenye kutu hazivumilii.

Hatua ya 2: Kulegeza. Hapa ndipo kazi ilipo. Bolti ya chuma ndani ya alumini, ikipata maji ya chumvi, huganda kabisa. Kwanza pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, maana baada ya kufumua hutaweza. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, jiandae kukagua ringi na gasketi. Kisha pulizia mafuta ya kupenya, acha hadi kesho yake. Skrubu tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile inayojizungusha inapopigwa. Ikigoma, ondoa petroli yote, halafu pasha alumini inayozunguka bolti kwa tochi ya gesi: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bolti ikikatika, toboa kwa biti za kushoto, zinazokata zikizunguka upande wa kufungulia. Mara nyingi kipande hutoka chenyewe. Ukitumia kitoleo cha kuchomeka (kile kinachoingizwa kwenye tundu ili kung'oa kipande) kikavunjikia humo ndani, biti ya kawaida haikitoboi.

Hatua ya 3: Flaiwili, gurudumu zito lililo kwenye ncha ya shafti. Tumia pula (zana ya kuling'olea) ya bolti tatu, inayofungwa kwenye matundu yenye nyuzi karibu na kitovu. Pula ya makucha hupinda ukingo. Acha nati ilingane na ncha ya shafti ili kulinda nyuzi, kaza bolti ya katikati ya pula, kisha gonga kichwa chake. Usigonge flaiwili yenyewe, sumaku zitapasuka.

Hatua ya 4: Pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke. Fila geji (vibamba vya kupimia mwanya) inatosha. Evinrude na Johnson nyingi za silinda mbili zenye magneto (kifaa cha sumaku kinachozalisha umeme wa cheche) hutaka mwanya wa inchi 0.020.

Hatua ya 5: Kufunga. Unahitaji toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) mbili, ndogo na kubwa, kwa sababu kubwa haisomi vizuri kipimo cha chini. Soma kizio kwa makini: inchi-pauni 60 ni futi-pauni 5 tu, na ukichanganya umekaza mara 12, nyuzi za alumini zinang'oka. Kichwa cha silinda kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu.

Skrubu za mafuta ya giaboksi zinataka bisibisi pana inayojaza mfereji wote. Weka washa (pete ya kuziba chini ya skrubu) mpya kila unapozifungua. Ya zamani hupitisha maji, na mafuta yatatoka meupe kama maziwa.