Somo: Kupanga likizo ya ukoo kwenye loji ya Y Bala, milimani Welisi

Somo hili ni la familia zetu zilizoko Uingereza zinazotaka siku tatu nne za kukaa pamoja, babu hadi wajukuu, nyumba moja, mbali na mji. Nyumba za kukodi mashambani zipo nchi nzima. Mimi nawapeleka Y Bala, mji mdogo kaskazini mwa Welisi, ndani ya hifadhi ya Eryri (Snowdonia kwa Kiingereza), kwa sababu ya lugha. Katika eneo la Gwynedd, ambamo mji huo umo, sensa ya 2021 ilikuta watu 64 katika kila 100 wanazungumza Kiwelisi. Dukani na barabarani ndicho mtakachokisikia, na hao hao Kiingereza wanakijua vizuri. Mtoto anayedai Kiswahili hakina kazi Ulaya, mleteni asikie.

Hatua ya 1: Anzeni na asiyepanda mlima

Mkianza na matakwa ya vijana mtakodi nyumba yenye mandhari nzuri, na mama atashinda ndani akiosha vyombo. Anzeni na mwenye magoti mabovu. Nyumba nyingi za kule ni za mawe, za shamba au mabanda ya mifugo yaliyokarabatiwa, na ngazi zake huwa nyembamba na kali. Mwenye nyumba aulizwe haya kabla ya kulipa chochote: je, kuna chumba cha kulala na choo chini? Kutoka pa kuegesha gari hadi mlangoni ni hatua ngapi, na ni changarawe au sakafu? Ombeni picha ya ngazi. Picha ya mlima mtaiona tu.

Kisha ulizeni jiko. Tangazo likisema "watu 18", hiyo ni hesabu ya vitanda, na mara nyingi sufuria kubwa kuliko zote haitoshi pilau ya nusu yao. Bebeni ya kwenu, lakini mjue kwanza jiko ni la aina gani. Kama ni la induksheni, yaani la umeme linalopasha kwa sumaku, sufuria zetu za alumini hazipati moto juu yake. Chukueni ya chuma.

Hatua ya 2: Fedha na tarehe

Mtu mmoja ashike fedha, na kila kaya ilipe sehemu yake kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho. Msiwatoe watoto shule ili mpate bei nafuu bila kupiga hesabu: England faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na hupanda hadi 160 ikichelewa kupita siku 21.

Hatua ya 3: Njia

Kutoka Birmingham fuateni M54, kisha A5 hadi ng'ambo ya Llangollen, halafu A494 iwafikishe Y Bala. Pumzikeni Pontcysyllte, karibu na Llangollen. Ni mfereji wa mashua uliojengwa juu ya nguzo na kukamilika 1805, unaovuka mto Dee kwa kimo cha mita 38. Watoto wavuke kwa miguu wakiwa wameshikwa mkono.

Tangu Septemba 2023 mwendo kwenye mitaa yenye makazi Welisi kwa kawaida ni maili 20 kwa saa. Mkiona ARAF imeandikwa barabarani, punguzeni mwendo. Jazeni mafuta kabla ya kuacha barabara kubwa, na pakueni ramani kwenye simu mkiwa bado nyumbani, maana mabondeni mtandao hukatika.

Hatua ya 4: Chakula, moto na maji machafu

Nyama ya halali, tui la makopo, unga wa sembe na viungo vyote vitoke nyumbani, nyama ikiwa imegandishwa. Pangeni zamu za kupika kwa kaya, wanaume wakiwemo, na mziandike. Zamu isiyoandikwa humwangukia mama.

Sasa jambo ambalo naomba lisomwe mara mbili. Mvua ikianza, na itaanza, msiingize jiko la mkaa ndani, hata liwe linaelekea kuzimika, hata madirisha yawe wazi. Mkaa hutoa karboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Mkifika tu, tafuteni king'ora cha gesi hiyo na mkijaribu.

Mafuta ya kukaangia maandazi yasimwagwe kwenye sinki. Nyumba nyingi za mashambani zina tangi lake la maji taka, na mafuta huliziba. Yapoe, yatiwe kwenye chupa, yatupwe na taka.

Hatua ya 5: Siku zenyewe

Siku ya kwanza iwe ya wazee. Kando ya Llyn Tegid, ziwa la asili kubwa kuliko yote Welisi, kuna treni ndogo inayotoka Llanuwchllyn. Wanakaa, wanatazama maji, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Siku nyingine fuateni A4212 hadi Llyn Celyn, na msipite bila kusimama. Chini ya maji yale palikuwa na kijiji cha Capel Celyn: nyumba, shule, posta na kanisa la watu waliozungumza Kiwelisi. Jiji la Liverpool lilitaka maji. Bunge la London likapitisha sheria mwaka 1957, wabunge wa Welisi wakipinga, na 1965 bonde lilikuwa limefunikwa. Ukingoni kuna kanisa dogo la kumbukumbu. Wazee wetu waliowahi kuona kijiji kikihamishwa kwa amri hawatahitaji maelezo marefu, na waachiwe wao wawasimulie wajukuu.

Familia za Kikristo zitapenda kujua kwamba Mary Jones, binti wa miaka 15, alitembea kama kilomita 40 hadi Y Bala mwaka 1800 kutafuta Biblia ya Kiwelisi. Habari yake inasimuliwa pamoja na kuanzishwa kwa Chama cha Biblia mwaka 1804, na chama hicho ndicho kilichokuja kuchapisha Biblia ya Kiswahili.

Vijana wakitaka mlima Yr Wyddfa (Snowdon), mita 1,085, waagize mapema nafasi ya kuegesha gari Pen-y-Pass, njia inapoanzia. Msimu wa watu wengi hakuna kufika tu. Wazee nao wanaweza kupanda: treni ya mlimani hutoka Llanberis tangu 1896, hali ya hewa ikiruhusu. Malango ya mashamba mnayopita yaacheni mlivyoyakuta, kwa sababu ya kondoo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Salma, Leicester: Binamu zangu wa Muscat wanataka kuja, na mama yangu yuko Zanzibar. Welisi ina viza yake?

Hapana dada, viza ni ya Uingereza nzima. Mama mwenye pasi ya Tanzania anahitaji viza ya mgeni, kwa hiyo anzeni miezi kadhaa kabla. Binamu wenye pasi ya Oman hawahitaji viza ya mgeni, wanaomba kibali cha kusafiri kiitwacho ETA kwenye intaneti, utaratibu ulioanza kwao 2024.

Juma, Milton Keynes: Kaka, sina gari.

Panda treni hadi Ruabon, kisha basi T3 linalopita Y Bala. Hakikisha tu kwamba loji iko karibu na mji, au mtu akupokee.

Ustadh Khamis: Swala je?

Kibla ni kusini-mashariki. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku, hivyo Isha ni usiku sana. Kubalianeni mapema mtafuata ratiba gani. Msikiti uko Bangor, ambako ni mbali kwa gari.

Bibi Mwanaidi, London: Mwanangu, nasikia wenyeji wana hasira na wageni. Tutapokewa?

Shikamoo bibi. Hasira ipo, na ina msingi. Nyumba nyingi zimenunuliwa na matajiri wa mbali wanaozitumia wiki chache, na vijana wa pale wanakosa pa kuishi na kulea watoto kwa lugha yao. Mwaka 2023 Gwynedd ilipandisha nyongeza inayotozwa nyumba za pili juu ya kodi ya kawaida hadi asilimia 150. Kwa hiyo ulizeni kama mwenye loji anaishi pale pale, mfano mkulima aliyekarabati banda lake, na mkodi kwake. Mboga, maziwa na mkate nunueni mjini Y Bala. Asubuhi semeni "bore da", mkipewa kitu semeni "diolch". Wajukuu watakufundisha matamshi kabla hamjafika.